Lornah Awuor na Kibodi Saba za Otonglo

Mchungaji, wazee, akina mama na marafiki, mimi ni Dishon Oduor, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo kamati ya mazishi iliniomba niyaruke.

Dada yetu Lornah Awuor alizaliwa Kisian tarehe 14 Aprili 1953, mtoto wa pili wa Mzee Oketch na Mama Seline, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1967, akamaliza kidato cha nne mwaka 1971, kisha akasomea uhazili Nakuru. Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mpiga taipu katika chama cha ushirika Awasi, na Januari 1986 akawa mwalimu wa taipu katika chuo kimoja cha binafsi mjini Kisumu. Alifunga ndoa na Bwana Bildad Wakhisi tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, Nasambu na Enos.

Mei 1991 chuo kilipokea kompyuta kumi na mbili zisizo na kibodi, mkuu wa chuo akaleta kibodi za mitumba kutoka Nairobi, zikachomekwa zote, na hakuna hata moja iliyoandika herufi. Lornah alikaa nazo wiki mbili, akachora katika daftari ncha za waya, za kibodi na za vipanya, akahesabu pini, akagundua kwamba plagi zilikuwa sawa lakini kibodi zenyewe zilikuwa za kompyuta za zamani zaidi, na kwamba saba kati yake zilikuwa na swichi ndogo ya kuzigeuza, upande wa chini, ili zielewane na kompyuta hizi mpya. Alimwita mkuu, akasukuma swichi ya moja kwa ncha ya kalamu, akawasha upya, herufi zikatokea. Mkuu akamjibu mbele ya wanafunzi, "Mwalimu, plagi imeingia, kwa hivyo kibodi ni nzima, shida ni kompyuta, na wewe usizichokore tena." Dada akamwambia, "Bwana Mkuu, nipe leo tu, nitakupa saba zinazoandika," naye Mkuu akafunga chumba, akaondoka na ufunguo.

Aliandika barua nne, hakujibiwa. Novemba ikafika, watahiniwa kumi na tisa wakakosa mtihani, lawama akabebeshwa yeye, kwamba ndiye aliyeharibu mashine, akatolewa darasani akawekwa stoo. Vifaa vyote vya chumba kile viliuzwa kama vyuma chakavu, na mwaka 1993 dada alivikuta Otonglo katika duka la kuchapa barua, kibodi saba zikifanya kazi, mwenye duka amegeuza swichi mwenyewe. Siku hiyo alikuja kwangu, akakataa chai, akasema, "Oduor, kumbe sikuwa mjinga," na mimi, nakiri mbele yenu, nilimwambia aachane na mambo ya waya.

Presha ilimpata mwaka 1995, figo zikafuata, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 9 Juni 1998, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa nyumbani, na walimu wenzake waliokuja kumwona. Mkuu wa chuo yuko nasi, ameomba kuzungumza, na familia imemwomba abaki ameketi, badala yake atazungumza Bi. Mwihaki, mmoja wa wale watahiniwa kumi na tisa.

Awuor nyaminwa, dada yetu, ulisema kweli, sasa pumzika.