Hebu Nione na Pete Ambayo Hakuipima

Marehemu baba yetu, mliyemwita Hebu Nione, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Bibi alikuwa akisema kwamba hata titi alilikagua kwanza.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968. Mwalimu wa kemia alipoandika ubaoni kuwa almasi ni kaboni tupu, ndugu wa makaa, marehemu alinyoosha mkono: "Mwalimu, hapo unatupiga changa la macho." Aliadhibiwa. Baadaye aligundua mwalimu alisema kweli, lakini radhi hakumwomba.

Mwaka 1969 aliajiriwa kung'arisha mawe ya kwatzi, na mwaka 1975 akawa mpimaji katika duka la vito. Alishuku mawe, wenye mawe, hata mizani. Jiwe alilipulizia pumzi: ukungu ukitoweka papo hapo, huenda ni almasi, maana almasi hupitisha joto upesi, ukikawia, ni kwatzi au kioo. Kwatzi, alitufundisha, ni silika, madini yale yale ya mchangani. Hukwaruza kioo, lakini yenyewe hukwaruzwa na almasi. "Na mimi usiniamini," alimwambia binti yake aliyemrithisha kazi. "Pima mwenyewe."

Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa mama yetu, fundi cherehani. Mama alikuja na pete ya jiwe jeupe aliyopewa na baba yake, aliyeapa kuwa ni almasi. Marehemu akanyoosha mkono: "Hebu nione." Mama akakunja ngumi. "Ukiipima hii, umenipima mimi na baba yangu." Akaiacha. Kwa miaka arobaini ilimkereketa rohoni. Tulimwona mezani akiikodolea macho mama akikata mkate. Hata mama alipofariki mwaka 2019, hakuipima.

Mwaka 2022 alianza kukohoa. Picha ya kifua ilionyesha madhara ya vumbi la kwatzi alilovuta ujanani. Alishuku kila kitu, vumbi lile hakulishuku, akafanya kazi miaka sita bila hata kitambaa puani. Inatuuma sana.

Tarehe 9 Juni 2024, akiwa amelazwa hospitalini, alimkabidhi binti ile pete. "Kapime, mwanangu. Nataka kujua kama baba mkwe alinidanganya, kabla sijakutana naye."

Binti aliipima dukani kwa kipimo cha joto, mara tatu. Kwatzi. Akarudi hospitalini, akaketi kitandani. "Almasi, baba."

Tulisubiri maswali. Hakuuliza hata moja. "Basi nimemwonea mzee wa watu miaka yote hii," alisema, akalia. Aliivaa katika kidole kidogo, akafariki nayo Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, na wakwe ambao hakuwahi kuwaamini. Wanaoiulizia pete tangu jana wajue anayo, na ni kwatzi. Binti aliyemdanganya ndiye anayewasomea. Mungu amlaze baba yetu kwa amani, na amweleze taratibu.