Nta kwenye Bomba la Ambulansi: Risala ya Kikundi cha Ngata kwa Sista Advera

Mgeni rasmi, Sista Advera, Mkuu wa Kituo cha Afya cha Mtakatifu Rita. Viongozi wa mtaa, wazazi na majirani zetu wa Chemchem: tumsifu Yesu Kristo, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu.

KARIBU GEREJINI

Sista, shikamoo. Tunakupokea kwa furaha na, hatufichi, kwa woga kidogo. Mara ya mwisho tulipokutana tulikuacha na shavu limevimba. Kuja kwako leo kwa hiari, tena bila kujifunika uso, kumetufanya tushushe pumzi. Tumefagia, tumemwagia vumbi maji, na jirani mwenye mizinga ya nyuki tumemwomba aihamishe.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni kupaka rangi ya kuhimili moto na kuvisha kitambaa cha kuzuia joto mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, yale tunayoyaita manifoldi. Jina la Ngata tumelitoa kwa babu zetu waliobeba mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi pwani. Hakuna aliyebeba bila ngata kichwani, ule mviringo wa nguo unaokinga kichwa na mzigo. Mwenzetu Paskazia Shigela husema bomba lisilovishwa ni mzigo usio na ngata: kukuumiza litakuumiza, swali ni lini.

Huyo Paskazia ndiye fundi wetu wa kuvisha, na leo tunamsemea kwa sababu mwenyewe hasemi. Ndiye yule aliyejibanza nyuma ya mwenyekiti wetu Adriano, anadhani hatumwoni.

SIKU YA NYUKI

Ambulansi ya kituo ni gari la zamani la petroli. Jua likiwaka, joto la manifoldi lilikuwa linachemsha petroli njiani kabla haijafika kwenye injini, gari linazima porini na mgonjwa yumo ndani. Mkatuletea. Paskazia akasafisha bomba, akapaka rangi, akavisha kitambaa vizuri kabisa. Hapo angeacha, tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini yeye ni mtoto wa warina asali, na kwao kila kitu kisichotakiwa kuingia maji hupakwa nta, iwe kamba, kiatu au ngozi ya ngoma. Akawaza masika, akawaza madimbwi ya barabarani, akayeyusha nta ya mama yake na kukipaka kitambaa chote. Kisha akajipongeza.

Yaliyofuata unayajua kuliko sisi. Ulisimama kukagua kule kituoni kwenu Isikizya, injini ikapata moto, harufu ya nta ikatanda uwanja mzima, na nyuki wa Isikizya wakaja kuangalia nani amefungua mzinga. Mzee Shomari, dereva wenu, alikuwa ameshafika kwenye uzio alipokumbuka kukuita: "Sista kimbia, mimi nimeshakimbia!" Halafu moshi ukafuka. Ukiwa umeshika shavu ulisema yule mwanamke asiguse tena gari la kituo. Hatukukulaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Paskazia alifunga brashi zake kwenye gunia, akaenda kuuza karanga stendi. Tulipomfuata alitujibu, "Niacheni jamani. Siku gari likizima na mama mjamzito, mtasema ni nta ya Paskazia." Ilituuma, maana mkono kama wake hatuna mwingine.

MAFANIKIO

Adriano alikuja kukuomba msamaha, nawe ukakubali Paskazia arudie kazi kwa sharti moja: safari ya kwanza ya mgonjwa, naye apande nyuma. Tuliliona sharti kali. Leo tunalishukuru.

Paskazia aliacha karanga akarudi, akalivua bomba kila kitu, akasugua chuma kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, akapaka rangi upya na kuiacha ikomae taratibu kwa moto wa injini. Kitambaa kipya alikilowesha kwenye maji matupu, mama yake akiwa amekatazwa kusogea, akakikaza mzunguko kwa mzunguko kutoka kwenye manifoldi hadi chini ya sakafu, na kukibana kwa klipu za chuma.

Siku ikafika, mchana wa mwezi wa kumi, na jua la Tabora la mwezi huo mnalijua. Recheli, mama aliyepo hapa nasi, uchungu wake ulikuwa umekwama, akatakiwa afikishwe hospitali ya Kitete haraka. Paskazia akapanda. Walipokaribia mlima ambapo gari lilizoea kuzima, alifumba macho. Recheli akamshika mkono.

"Dada, kwani na wewe unaumwa?"

"Hapana, mdogo wangu. Nasikiliza injini."

Injini ikapanda. Ikashuka. Hadi geti la Kitete haikukohoa. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mzima, na madaktari wakasema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Paskazia aliketi chini pale getini akalia mpaka Mzee Shomari akamletea soda. Nasi tulipopigiwa simu, gereji nzima iliweka spana chini. Roho zetu zikawa kwatu.

CHANGAMOTO

Kitambaa kizuri hutoka Dar es Salaam, na huchelewa. Kikilowa mafuta ya injini huweza kuwaka, hivyo gari linalovuja tunalikataa, na mwenye gari hununa. Wapo pia wanaopita kuuliza kama tunauza asali.

Lakini lililo zito ni hili. Watu wakimwulizia Paskazia, huambiwa kwamba Sista alimkataza. Sharti amelitimiza, ila katazo halijaondolewa kwa kinywa chako, na wateja humwogopa. Brashi amezitoa kwenye gunia. Gunia lenyewe bado hajalitupa.

OMBI

Tulikusudia kuomba turubai na mashine ya kuchomelea. Tumeviacha. Kituo kina magari mengine mawili yenye maradhi hayohayo. Tunaomba useme mbele ya watu hawa kwamba atayavisha Paskazia.

Mungu akulinde wewe na wagonjwa wako, awafikishe wote waendako. Asante, wabeja sana.

Makofi, tafadhali, yawe ya taratibu. Ambulansi imeingia sasa hivi kutoka Isikizya, injini bado ya moto. Sakafuni mwake, mahali ambapo zamani mguu mtupu haukukaa kwa joto la bomba, Recheli ametandika khanga, na mwanawe amelala fofofo.

Ni sisi,
Kikundi cha Ngata, Chemchem, Tabora