Mfalme wa Kwenye Daftari

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mtulie, kwani historia hii imeandikwa kama alivyoieleza wifi wa marehemu, fundi cherehani, dada mkubwa wa mume, naye ametaka jambo moja lisemwe hadharani kabla hatujatoka hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1981, mtoto wa tatu wa mwalimu wa hesabu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ya jirani, ambako aliadhibiwa mara moja tu, kwa kusoma riwaya ya wachawi chini ya dawati, akamaliza sekondari mwaka 1998 na stashahada ya ufamasia mwaka 2002, na tarehe 3 Machi mwaka uliofuata akaanza kazi hospitali ya serikali, dirisha la dawa namba mbili.

Tarehe 17 Desemba 2006 aliolewa na fundi redio, ambaye mtaa mzima humwita Mfalme kwa sababu ya kile kiti chake kirefu cha kuzunguka, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 5 Juni 2009. Wifi hakumwamini bibi harusi tangu siku ya kwanza, maana alikuwa mpole kupita kiasi, na kimya kingi, alisema, kina mshindo mkuu.

Shaka ikaota miguu mwezi Agosti 2014, wifi alipokwenda kupima mapazia, akakuta daftari dirishani, limeandikwa: "Nimempikia Mfalme miaka saba, kuanzia kesho nitamtilia sumu, kidogo kidogo, asijue." Mwandiko ulikuwa wa marehemu, ndoa ilikuwa na miaka saba, na mke mwenyewe alikuwa mfamasia. Wifi hakupiga yowe, ila alilitia daftari mkobani, akaanza kufika kila saa ya kula, akinusa masufuria, akimbadilishia mdogo wake sahani, na maneno yakamtoka, yakafika sokoni, wagonjwa wakahama dirisha namba mbili kwenda namba tatu, mpaka mkuu wa kitengo akamhamishia marehemu stoo.

Ndipo marehemu alipomfuata kwenye kibanda cha kushonea, mbele ya wateja.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Mfalme wa humu ni nani?" wifi akauliza, akilitupa daftari mezani.

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo ana taji, wifi. Mdogo wako ana koleo."

"Usinichezee!"

"Basi chukua yote, usome."

Yalikuwa madaftari kumi na moja, riwaya ya nchi isiyo na jua, ambamo mpishi wa ikulu, mwanamke, anamuua mfalme katili, kisha anaiba vivuli vya watu wasio na hatia ili amfufue mdogo wake. Wifi aliyasoma kama askari anayepekua, akipigia mstari kila penye sumu, lakini kufikia daftari la nne penseli ilikuwa imemponyoka, na alipojikagua alikuta anamwombea muuaji asikamatwe, huku akimchukia kwa vile vivuli, akaanza kujishuku mwenyewe. Alirudi kuuliza inakuwaje mtu mpole aandike mwanamke asiyeeleweka kama ni mwema au mbaya.

"Yule mwema tunamsifu misibani," marehemu alijibu. "Huyu tunamjua, wifi, ila hatumsalimii."

Wifi alikwenda kwa mkuu wa kitengo kukiri kosa, ikachukua miezi minne marehemu kurudishwa dirishani, na hata hivyo wapo miongoni mwetu ambao hawakurudi kwenye dirisha lake.

Saratani ya ini iligundulika tarehe 20 Januari 2023, akafariki tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, daftari la kumi na mbili likiwa halijaisha, na wifi, aliyekuwa akimsomea, bado hajui yule mpishi alisamehewa au la.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani walioleta maji na viti, na wafamasia wenzake walioshika zamu zake miezi yote hiyo. Na nyinyi mnaonong'ona hapo nyuma kwamba afadhali ametangulia yeye kabla hajammaliza mume, wifi amewasikia tangu asubuhi, anasema maneno yale yalianzia kinywani mwake na yalikuwa uongo, na mwenye swali asimuulize mume wala mtoto, amuulize yeye, yuko hapa mbele, amesimama.

Pumzika kwa amani, wifi, kama ulivyostahili kuishi kwa amani.