Fundi Nathaniel Ndalahwa na Damu Iliyozidi, 1961–2024

Ndugu waombolezaji, huyu aliyelala mbele yenu hakuwahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu kama leo. Wasifu wake umeandikwa na dada yake, Dorcas Ndalahwa, aliyemwona akizaliwa. Unasomwa na binti wa marehemu, Justa, kwa kuwa macho ya shangazi yake hayamudu tena karatasi. Aliyeandika ameomba jambo moja tu: msomaji asiruke sentensi hata moja, hasa zile za karibu na mwisho.

Marehemu Nathaniel Ndalahwa Shimba alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Agosti 1961 hapa Kisesa, mtoto wa nne wa Mzee Ndalahwa Shimba na Mama Sabina Nkwabi. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Mama yake alikuwa amepanga foleni kwenye mizani ya ushirika, na Dorcas, binti wa miaka saba, ameshika upindo wa khanga yake. Uchungu ukamkuta hapo hapo. Wanawake wakazungusha khanga nyuma ya marobota, na kabla mzigo haujafika kwenye mizani, mtoto akalia. Karani akauliza, "Na huyu naye tumpime?" Mama Sabina, jasho likimchuruzika, akamjibu, "Pima pamba. Huyu hauzwi."

Alitembea kabla ya kutambaa vizuri. Akiwekwa kwenye ngozi anatoka, akifungwa mgongoni anapiga teke. Neno alilolisikia utotoni kuliko hata jina lake lilikuwa "Tulia." Mama alilisema asubuhi, mchana na kwenye maombi ya jioni, akifumbua jicho moja: "Nathaniel, tulia, tunaongea na Mungu."

Mwaka 1969 alianza darasa la kwanza, akamaliza la saba mwaka 1975. Si kweli kwamba alikuwa mjinga, kama baadhi ya watu wa rika lake wanavyopenda kusimulia. Alishindwa kukaa kwenye dawati, basi. Akiwa darasa la sita alifungua baiskeli ya mwalimu mkuu, yote, mpaka gololi, akaiunganisha tena kabla ya kengele ya kurudi nyumbani. Mwalimu akaipanda, ikaenda vizuri kuliko zamani. Nyumbani Dorcas akaona nati moja mfukoni mwake.

"Hii umeiiba?"

"Hapana, dada. Ilibaki."

"Ilibakije? Baiskeli ya watu hiyo!"

"Ilikuwa imezidi."

Dorcas alicheka mpaka akakaa chini. Maneno hayo yakawa utani wa nyumba hii kwa miaka mingi. Chumvi ikiwa nyingi kwenye mboga, mtu anasema, "Leo ni nati ya Nathaniel."

Mwaka 1978 alikwenda Mwanza, akaanza kujifunza ufundi wa mashine za boti pale Mwaloni, Kirumba, kwa Fundi Bagenda, mzee wa Kihaya kutoka Muleba. Walipendana kwa matusi. Bagenda alikuwa anamwambia, "Wewe Msukuma, mashine si ng'ombe, haiendi kwa fimbo." Nathaniel anajibu, "Na nyie Wahaya mnaisemesha Kiingereza, ndiyo maana haiwaki." Akaiva. Kuanzia mwaka 1985 alikuwa na kibanda chake mwenyewe. Alikuwa anatega sikio kwenye mashine kama mganga kwenye kifua cha mtoto, halafu anasema, "Mwaga oili, imekuwa nzito," na kweli ikimwagwa, mashine inapona. Wenye mitumbwi walimfuata kutoka Ukerewe na Sengerema. Chakula alikula amesimama.

Tarehe 15 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Felicitas, binti wa yule yule Fundi Bagenda. Kwetu yalisemwa mengi. Kwamba Mhaya atamtawala, kwamba hatajua kusonga ugali wa watu wanaotoka shamba. Dorcas naye alisema, na alisema kwa sauti. Felicitas alikuja, akasonga, akalima, akamzika Mama Sabina kwa heshima mwaka 2003, na hakumrudishia mtu neno. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, maana hapo ndipo maneno yalipoharibika.

Mwaka 2018 Nathaniel alianza kuchukia kuoga. Akijimwagia maji tu, ngozi inamwasha kama amepakwa upupu, na kipele hakionekani hata kimoja. Ilisemwa ni sabuni. Ikabadilishwa mara nne. Ilisemwa ni kichocho cha ziwani. Akapimwa, hana. Nyayo zikawa zinamwaka moto, kichwa kinagonga, viganja na uso vikawa vyekundu, na macho kama ya mtu aliyeshinda kilabuni. Mzee mmoja wa kanisa akamvuta pembeni.

"Fundi, punguza."

"Nipunguze nini, mzee?"

"Unakijua mwenyewe."

Mtu aliyekuwa hanywi hata togwa iliyolala!

Jumanne tarehe 6 Agosti 2019 Felicitas alimpeleka hospitali kupima damu. Dorcas alikuwapo. Majibu yakatoka: wingi wa damu, ishirini na moja. Sasa akina mama mliopo hapa mnaijua hesabu hiyo. Kliniki ukiambiwa kumi na mbili unarudi nyumbani ukiimba. Dorcas mwenyewe mwaka 1979 aliambiwa saba, akanyweshwa maji ya matembele mpaka akayachukia. Kwa hiyo aliposikia ishirini na moja alipiga kigelegele pale pale kwenye benchi, akapiga simu Kisesa: "Mdogo wangu ana damu ya watu wawili!"

Daktari akamwambia, "Mama, hii siyo sifa."

Akaeleza polepole. Chembe nyekundu za damu zinatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wa Nathaniel ulikuwa umekosa breki, unatengeneza tu, hauachi. Damu ikizidi hivyo inakuwa nzito, inapita kwa shida, na inaweza kuganda. Ikigandia kichwani au kwenye moyo, mtu anakwenda. Hakulogwa, hakuambukizwa, wala hakuyataka. Dawa yake kubwa ilikuwa kutolewa damu, nusu lita, mara kwa mara, na kidonge kidogo cha kuilainisha.

Felicitas alikunja mikono. Nathaniel ndiye aliyecheka. "Daktari, si ungesema tu oili imezidi na imekuwa nzito? Imwagwe." Kuanzia siku hiyo hakusema anakwenda hospitali. Alisema, "Kesho nakwenda kumwaga oili."

Daktari alisisitiza jambo la pili: asipewe dawa za kuongeza damu, hata akionekana mnyonge. Felicitas akaliandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, na kila Januari akalihamishia kwenye kalenda mpya.

Kwa miaka minne na miezi minane marehemu alimwaga oili. Mwanzoni kila wiki, baadaye kila baada ya miezi miwili au zaidi. Kuwashwa kulipungua ingawa hakukuisha. Alifanya kazi zake, hakulazwa hata mara moja. Lakini alikonda, na watu wana macho. Kaka yetu mkubwa, Mihayo, akamuuliza Felicitas siku moja sebuleni:

"Shemeji, hiyo damu wanaipeleka wapi?"

"Inatupwa, shemeji. Wagonjwa wengine hawapewi."

"Damu ya mtu inatupwa? Kama maji ya vyombo?"

Neno hilo, "inatupwa," lilitoka Kirumba likafika Mkuyuni na Kisesa, na kila lilipopita likaongezewa miguu. Haitupwi, inauzwa. Mke anajua. Mke ana mgawo. Sokoni Mkuyuni wanawake wakawa wanamuuliza Dorcas, "Wifi yako bado anamkamua?" Na Dorcas alicheka nao. Hilo nalo liandikwe.

Mwezi Aprili mwaka huu Felicitas alikwenda Muleba kumuuguza mama yake. Nathaniel akaja Kisesa kwa dada yake kutengeneza mashine ya kusaga. Siku yake ya kutolewa damu ilikuwa Alhamisi tarehe 18. Jumatano, Dorcas anachambua mboga, Nathaniel amesimama mlangoni, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Dada, kesho nakwenda mjini kumwaga oili."

"Unamwaga nini tena, umekonda hivyo? Shati limekuzunguka kama limetundikwa kwenye kamba."

"Daktari amesema."

"Daktari alikubeba mgongoni? Mimi ndiye niliyekubeba. Kaa. Ngoja damu irudi kwanza."

Fundi aliyebishana na kila mashine ya Mwaloni hakujua kubishana na dada yake. Alikaa. Dorcas alimpikia maini, akamkamulia rosela, na kila asubuhi akampa vidonge viwili vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo mjukuu wake Rachel alivibakiza kutoka kliniki ya wajawazito. Vidonge vile ni vizuri, vimewasaidia wengi. Havikuwa vyake.

Felicitas alipiga simu. "Wifi, nakuomba, mwambie aende. Tarehe imepita." Dorcas akamjibu, "Wifi, mtu akiwa kwao anapumzika." Felicitas alipompigia mumewe, mumewe akasema, "Nitakwenda, Mama Justa." Hakusema nani amemzuia.

Mei ikapita yote. Mashine ya kusaga, iliyokwisha kupona, aliifungua tena mara tatu, haina ubovu. Mchana anatia miguu kwenye beseni la maji baridi, anaitoa, anazunguka uwanja, anarudi. Aling'aa, uso mwekundu, na Dorcas akawaonyesha majirani: "Mnaona? Damu imerudi." Siku moja alimwambia, "Dada, kichwa kinagonga kama mashine inayokaribia kunata na kukwama." Dorcas akamwongezea glasi ya rosela.

Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, alianguka kando ya ile mashine, spana mkononi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na mdomo hautoi neno. Felicitas alisafiri siku hiyo hiyo, akamkuta kitandani hospitali. Damu ilipimwa: ishirini na tatu. Ilikuwa imegandia kichwani.

Daktari akauliza, bila ukali, "Amekosa siku zake tangu Aprili. Nani aliyemzuia?"

Dorcas alikuwa amesimama hapo, na mkoba wake ulikuwa wazi, na pakiti ya vidonge vyekundu ilikuwa inaonekana. Felicitas aliiona. Aliitazama, akamtazama wifi yake, kisha akamgeukia daktari. "Mimi, daktari. Nilikuwa namuuguza mama, nikachelewa kurudi."

Dorcas alifunga mkoba.

Siku kumi alilala, na mkono wa kushoto haukukubali kulala naye. Ulikuwa unazungusha, unazungusha, juu ya shuka, kama unakaza nati. Alifariki Ijumaa tarehe 21 Juni 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Mkono ulisimama wa mwisho.

Juzi, hapa msibani, Kaka Mihayo alisimama akasema mbele za watu, "Ndugu yetu amekamuliwa mpaka akaisha, na aliyemkamua yupo kati yetu." Wote mlisikia. Wanawake wakahama kwenye mkeka wa mjane, mmoja mmoja, wakisingizia kivuli. Felicitas akabaki peke yake na Justa. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili watu wamwelewe, na lilikuwa jina la mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwake. Hakulisema. Jana Dorcas aliomba kalamu.

Kwa hiyo iandikwe kwenye programu na isomwe kaburini. Nathaniel hakufa kwa damu aliyotolewa. Alikufa kwa damu iliyobaki. Iliyotolewa ilikuwa imezidi, na kila nusu lita iliyomwagwa ilimpa siku nyingine za kuishi. Aliyempeleka ni mke wake. Aliyemzuia ni dada yake, Dorcas, aliyempenda, na aliyedhani kwamba kubeba mtoto mgongoni kunatosha kuijua damu yake. Kaka Mihayo asilaumiwe peke yake. Alisema kwa sauti yale ambayo Dorcas aliyacheka sokoni.

Marehemu ameacha mjane, Felicitas, watoto watatu, Justa, Elias na Renatus, wajukuu watano, kaka yake Mihayo, na dada yake Dorcas, ambaye msomaji akimaliza karatasi hii atainuka pale alipo na kwenda kwenye mkeka wa wifi yake, kuomba apishwe nafasi. Akikataliwa, atakaa chini kwenye udongo, karibu na hapo.

Mama Sabina hayupo kulisema tena lile neno, kwa hiyo dada anamsemea. Nati imebaki, mdogo wangu, na safari hii nimeijua. Nathaniel, tulia. Tunaongea na Mungu.