Wivu wa Kibofu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la misumari, na mwisho wake mmoja unatazama choo cha uani. Mwisho huo ndio wazee tunaougombania, maana ukibanwa unafika haraka. Miaka yote wagombanaji wakubwa tulikuwa wawili: mimi dobi, ninayeitwa Pasi, na fundi saa, tunayemwita Dakika. Leo asubuhi Dakika, aliyetibiwa tezi dume hospitalini hivi karibuni, kakaa zake katikati, akaniambia, “Kaa wewe huko mwisho, mimi sipahitaji tena.” Nikakaa, roho inaniuma. Halafu tangu jana jioni mkojo umegoma kutoka kabisa, tumbo la chini limejaa na linavuta, na sijamwambia mtu. Kinyozi wetu, Wembe, ndiye aliyeanzisha maneno.

WEMBE: Dakika, unaongeza kahawa na hujainuka hata mara moja. Wamekutia kizibo?

DAKIKA: Wamekitoa, ndugu yangu. Kizibo nilikuwa nacho zamani.

MIMI: Kapewa vidonge tu huyu. Anajitapa.

DAKIKA: Vidonge nilianza navyo. Viko vya kulegeza njia, viko vya kusinyaza tezi polepole. Kuna wanaotoshwa na hivyo, na kuna wanaoambiwa wasubiri kwanza, wawe wanakwenda kupimwa. Mimi vidonge havikufua dafu.

WEMBE: Wakakupasua tumbo?

DAKIKA: Hawakunichana popote. Walipitia njia ileile ya mkojo, wakakwangua nyama iliyoziba. Nikakaa siku chache na mpira wa kupitishia mkojo, ukatolewa, basi.

WEMBE: Umedanganywa ukiwa usingizini! Hao wamekubadilishia kibofu. Hicho ulichonacho ni cha kijana wa shule.

MIMI: Kibofu gani? Wamemtia bomba la chuma. Hamwoni anavyokaa wima? Akipita karibu na sumaku ananasa.

WEMBE: Basi na betri ya saa ndani yake. Ndiyo maana mkojo wake siku hizi una ratiba!

Dakika akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Mtu ukimtukana akacheka, unajua kwamba ana raha kweli. Nilimwonea wivu hadi mdomo ukawa mchungu.

DAKIKA: Pasi, twende na wewe. Nitakusindikiza mwenyewe.

MIMI: Nikuige tena? Nilinunua baiskeli, ukatangaza mtaa mzima kwamba nimekuiga. Nikavaa miwani, ukasema nimekuiga macho. Safari hii hunipati.

DAKIKA: Huu ni ugonjwa, bwana, si miwani.

MIMI: Mgonjwa nani? Mimi nakojoa kama mtoto mchanga!

WEMBE: Mbona unatoka jasho na jua halijafika?

MIMI: Ni hii kahawa.

Wala sikuwa nimeionja. Hapo akatokea mkwe wangu, mke wa kijana wangu, anayenisaidia kufua kibandani kwangu. Alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni.

MKWE: Shikamooni.

SISI: Marahaba.

MKWE: Baba, nisamehe kwa kuuliza hapa mbele za watu. Usiku kucha nimekusikia unaingia chooni unatoka, unaguna. Umekojoa leo?

Mkwe hamwulizi baba mkwe maneno kama hayo, na yeye alijua, maana aliinamisha uso. Wembe akatazama ndani ya kikombe chake. Dakika akanitazama mimi.

DAKIKA: Wembe, mshike mkono ule.

MIMI: Msinishike!

DAKIKA: Haya, inuka mwenyewe.

Nikajaribu. Maumivu yakanikunja katikati, machozi yakanitoka mbele ya mke wa mwanangu. Nikamnyooshea Dakika mkono, nikiwa bado nimemkasirikia.

MIMI: Huyo daktari wako… leo yupo?