Mwalimu Benedicta na Sauti ya Pili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Benedicta Tluway anahitimisha utumishi wa miaka thelathini na sita katika chuo chetu hapa Karatu. Ukijumlisha na mitatu aliyosoma hapahapa, hakuna kati yetu aliyekaa kumzidi, na majengo yaliyomtangulia ni machache.

Alitoka Endamarariek mwaka 1986, binti wa wakulima wa mahindi na mbaazi. Chuo kilikuwa na vikundi viwili visivyopatana: kwaya, iliyojiona safi mno kushika jembe, na kikundi cha kujitolea, kilichofanya kazi kimya kana kwamba kinachimba kaburi. Mwaka wake wa pili vyote viwili vilimchagua kuwa kiongozi, na nadhani kila kimoja kiliamini kimempata wa kwake. Yeye akaviunganisha kwa sharti moja: asiyeshika jembe haimbi. Wanakwaya walilalamika kwamba vumbi litaharibu koo zao. Akawajibu kuwa mama zao waliimba wakipura mahindi, na hadi leo wakiwaita kutoka ng'ambo ya bonde wanasikika.

Nyimbo alizifundisha kazini, bila karatasi. Kule mashambani Mang'ola, kabla ya msimu wa vitunguu, vijana walipozibua mfereji, sauti ya kwanza ilipangwa upande maji yanakotokea, besi upande yanakokwenda. Sauti ya pili ilikaa katikati, naye aliifundisha mwisho, kwa sababu ndiyo ngumu: inavutwa huku na huku, na hakuna anayeisifu. Mwenyewe alisimama hapo.

Kosa lao kubwa walilifanya Ngorongoro, nao walilifanya kwa nia njema. Walikwenda kukarabati josho la ng'ombe karibu na boma la Mzee Kasaine. Kazi ilipokamilika wakaona wawafurahishe wenyeji kwa ngoma, kama inavyofanyika kwetu wakulima. Wafugaji wale huimba kwa koo tu, na ng'ombe wao hawakuwahi kusikia ngoma. Kundi lilikuwa ndiyo linarudi kutoka malishoni. Ngoma ya kwanza ilipolia, likageuka na kuingia msituni. Mzee Kasaine aliegemea fimbo yake akasema, “Vijana wa chuo, josho mmelijenga vizuri. Sasa nendeni mkaniletee wa kuogesha.”

Waliwatafuta ng'ombe hadi giza likaingia. Tangu siku hiyo Benedicta alifuta ngoma kabisa, na kila walikofika, wenyeji waliimba kwanza na wanafunzi wakasikiliza. Boma lile halipo tena. Wenyewe wamehamia mbali, na palipokuwa na zizi pameota majani marefu. Napafahamu.

Baada ya kuhitimu aliajiriwa hapahapa, akaendelea na kikundi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha, mwaka 2011, tukampandisha cheo kuwa msajili. Tulipiga makofi, naye alistahili. Hakuna aliyefikiri kwamba Jumamosi zake za kazi na vijana tumezichukua. Kwaya ikapata spika na kinanda, ikahamia ukumbini. Kujitolea kukawa kupanda miti siku za wageni, mbele ya kamera. Mara kwa mara aliomba arudishiwe vijana wake, na jibu likawa lilelile la upole: muhula ujao, mwalimu. Mihula ikaja, ikapita, hadi imekwisha.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, hakutaja kabati wala godoro. Aliomba lori la chuo kwa Jumamosi moja, na wanafunzi wa kwaya, waende Mang'ola. Alitaka amwachie mtu sauti ya pili.

Walikwenda wiki mbili zilizopita, dereva wetu Josephati akiendesha. Mfereji ulikuwa umejaa tope. Wanafunzi walishuka na glavu mpya, wakachimba kimya, kwa kuwa hawakujua hata wimbo mmoja wa kazi. Pembeni walikuwa kina mama waking'oa vitunguu. Mmoja wao, Rahel, aliyekuja kibarua kutoka Singida akiwa msichana, akanyoosha mgongo.

“Shikamoo mwalimu. Hawa umetuletea ni wafanyakazi au ni wageni?”

“Marahaba, Rahel. Ni wanakwaya.”

“Kwaya gani hii? Mbona vyura wetu wanawashinda?”

Wenzake wakacheka. Kisha Rahel akaanzisha wimbo wa mfereji, uleule wa mwaka 1987, na shamba zima likaitikia. Miaka yote ambayo chuo kilikuwa kikiusahau, vibarua wa vitunguu walikuwa wakiuimba kazini. Walikuwa na sauti ya kwanza na walikuwa na besi. Ya katikati haikuwepo. Mwalimu Benedicta alivua viatu, akaingia topeni, akaiimba peke yake.

Wasichana wawili, Nashipai na Janeth, walisogea karibu naye bila kuitwa. Aliwafundisha huku wakichimba. Walipomaliza ubeti wa kwanza, Josephati akapiga honi, maana lori lilitakiwa Karatu kabla ya jioni.

Mwalimu, tunakushukuru kwa wote uliowafundisha kuimba wakiwa na jembe mkononi. Tunasikitika kwamba tulikupa ofisi, ulipohitaji mfereji. Upumzike vizuri, mbaazi zako zizae, na afya isikupungukie.

Leo Nashipai na Janeth watakuimbia sauti ya pili. Wataishika ubeti mmoja, kisha watanyamaza, na tunaomba ukumbi uvumilie. Ubeti uliobaki unao wewe. Njia ya kwako Endamarariek wamekwisha kuiulizia, waje kuufuata.