Unyayo wa Mlangoni

Binti wa kiti cha nyuma ndani ya basi alijifanya anatazama nje, lakini masikio yake yote yalikuwa mbele, kwa mama mmoja aliyepakata zulia la plastiki lililoviringishwa, na jirani yake wa kiti, fundi mwenye saruji hadi kwenye nyusi.

"Zuri hilo," fundi alisema. "Mna mgeni?"

"Mama mkwe anafika leo. Na mume wangu sebule aliisakafia mwenyewe, hakutaka fundi. Akaanzia mlangoni, akaishia kwenye kona, mwiko mkononi, saruji mbichi imemzunguka."

Fundi alicheka mpaka kiti kikatikisika. "Akatokaje?"

"Kwa miguu, atatokaje tena? Nyayo zipo mpaka leo, kutoka kona hadi mlangoni. Ananibembeleza nizifunike, maana kwa mama yake amejisifu mno."

"Basi msitiri, dada. Mtu asichekwe na mama yake mzazi."

"Namsitiri. Ila zulia hili haliufikii unyayo wa mlangoni."

"Hukupima?"

"Nilipima vizuri sana."

Binti aliuma midomo. Fundi, ambaye huenda naye alikuwa na mama, alitikisa kichwa. "Huo ni uchokozi. Lirudishe dukani uchukue refu."

"Silirudishi. Ule unyayo naupenda. Kila nikiufagia nacheka peke yangu."

Basi likasimama. Mama akashuka, na fundi akampitishia zulia dirishani, bado hajakubali. "Basi weka hata ndoo hapo mlangoni."

"Haiwezekani," mama alisema, akilipandisha zulia begani. "Hapo ndipo wageni wanapovua viatu."